Robo Saa ya Mzee Obadiah

Persis Bonareri alikuwa na kanuni moja ambayo hakuivunja hata mara moja: hakugusa uzi wa gita tangu jua la Ijumaa linapotua hadi jua la Jumamosi linapotua, na hata likishatua alingoja robo saa zaidi. Siku ya Sabato iliamriwa na Mungu. Robo saa iliamriwa na baba yake.

Baba huyo, Mzee Obadiah Ondieki, alikuwa mzee wa kanisa la Waadventista karibu na soko la Ekerenyo. Mlangoni mwa nyumba yake ilining'inia kalenda ya kanisa iliyoonyesha saa ya kutua kwa jua kila juma. Kalenda hiyo ilihitajika, kwa sababu kwetu milimani jua halitui kwa watu wote mara moja. Aliye bondeni huwasha taa wakati aliye mgongoni mwa kilima angali anaanua nafaka ya wimbi. Watu walibishana sana juu ya jambo hilo, na Mzee Obadiah, asiyependa ubishi, aliumaliza nyumbani kwake kwa kuongeza robo saa mwanzoni mwa Sabato na robo saa mwishoni. Jambo hilo aliliita kulinda kingo. "Jirani mwema halimi mpaka kwenye mpaka," alikuwa akisema. "Huacha hatua moja ya majani. Mungu naye ni jirani."

Maneno hayo yalikuwa mazuri, na yalimpa heshima. Tatizo lilikuja kupitia mwanawe wa kwanza, Andrew.

Andrew alifanya kazi katika kiwanda cha kahawa, akanunua gita kavu, lile lisilotumia umeme, akajifunza mwenyewe. Jioni za Jumamosi, Sabato ikishafungwa kwa sala, alikaa kwenye kigogo nje ya jiko na kupiga, na dada yake Persis, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, alikaa karibu naye akiangalia vidole. Kila alichokuja kujua juu ya gita alikijua kwa kuangalia vidole hivyo.

Jumamosi moja ya mwaka 1961 saa ya kalenda ilipita, na Andrew akachukua gita bila kungoja robo. Palikuwa na majirani wanne watano uani. Mzee Obadiah alitoka mlangoni.

"Robo haijaisha," alisema.

"Tata, baba yangu, nionyeshe robo hiyo katika Biblia," Andrew alijibu, "nami nitaliweka gita chini."

Majirani wakacheka. Nafikiri mzee angeweza kuyavumilia maneno, lakini kicheko hakukivumilia. Alimwambia mwanawe achague kati ya gita na nyumba. Andrew aliliweka gita juu ya kigogo, polepole, kama mtu anayelaza mtoto, akaingia ndani, akatoka na kifurushi, akaondoka. Kijana alikuwa na hoja lakini hakuwa na adabu. Mzee alikuwa na haki ya nyumba yake lakini hakuwa na aya. Wote wawili walikuwa na kiburi kimoja, na kiburi cha namna moja hakikai kwa watu wawili katika boma moja.

Gita lilitundikwa ghalani, juu ya wimbi, likakaa huko miaka sita. Mama yao alikuwa amekwisha kufa. Persis alisoma hadi darasa la saba, akajifunza cherehani, akawa mshonaji wa sare za shule kwenye baraza la duka moja sokoni Ekerenyo. Siku za majani chai alichuma asubuhi, akashona mchana. Kwaya ya kanisa ilimtegemea katika sauti ya pili. Alipofika miaka kumi na tisa alimwendea baba yake akamwomba gita.

"La nini?" mzee aliuliza.

"Mikono yangu inalikumbuka, Tata."

Mzee aliinua macho kuelekea ghala. Persis mwenyewe ndiye aliyeongeza. "Sitaligusa siku ya Sabato. Na robo nitaingoja. Nakuahidi."

Hakuna aliyemlazimisha kuahidi hivyo. Alijua tu kwamba gita lile lisingeshuka ghalani kwa bei nyingine. Mzee alipanda mwenyewe, akalipangusa vumbi kwa mkono wa koti lake la kanisani, akampa.

Alianza kutunga nyimbo zake. Hazikuwa za kanisa wala za ulevi. Zilikuwa za mambo aliyoyaona: mwanamke anayerudi na kikapu cha chai kilichokataliwa na karani, ng'ombe anayemlilia mwenzake aliyeuzwa. Wimbo mmoja ulikuwa wa Andrew. Alikuwa ameuanza siku aliyopewa gita na hakuwa akiumaliza, kwa sababu hakujua alipo yule anayeimbiwa.

Mwaka 1968 alijua. Mtu mmoja wa upande wa Kitutu alirudi kutoka migodi ya shaba magharibi mwa Uganda, na sokoni watu walipomuuliza kama amewaona vijana wa kwetu, alisema: "Andrew wa Ondieki? Huyo ndiye mwenye redio. Kila Jumapili jioni Abagusii wote wa kambini huenda kwake kusikiliza kipindi cha lugha yetu, Ekegusii, kutoka Kisumu. Hakosi hata siku moja. Ukimuuliza habari za nyumbani anasema yeye nyumbani kwake ni redioni."

"Ana anwani gani?" Persis aliuliza.

"Alinikataza kuisema. Nilimwahidi."

Persis alimsihi, na mtu yule akakataa, na alifanya vizuri kukataa. Persis aliandika barua mbili kwa kukisia, kwa jina la mgodi tu. Zote zilirudi na mhuri.

Tangu hapo, kila Jumapili jioni, alifunga cherehani mapema na kwenda kukaa kwenye baraza la duka lililokuwa na redio. Wengine walisikiliza habari na bei za mazao. Yeye alisikiliza ili awe anasikia kile ambacho kaka yake anakisikia wakati uleule. Aliniambia kwamba mtangazaji alipokohoa, alifikiri: na Andrew amesikia kikohozi hicho. Huo ndio ulikuwa ukaribu wao kwa miaka miwili. Baba yake alijua anakoenda jioni hizo, na hakuuliza, ila chakula chake siku ya Jumapili alikila Persis akisharudi, hata akichelewa.

Julai ya mwaka 1970 alikuja Ekerenyo mfanyabiashara wa Kisii mjini, Manasseh Angwenyi, mwenye duka la redio na sahani za santuri. Alikuwa mtu mnene mwenye maneno mengi. Alikuwa anaandaa jioni ya muziki katika ukumbi mmoja wa mjini: bendi ya jazi, mwimbaji wa muziki wa soul kutoka Nairobi, na watu wanaotunga nyimbo zao wenyewe na kuziimba kwa vyombo vyao. Watu wa redio wangekuja na mashine ya kunasa sauti, na nyimbo zingechezwa katika kipindi cha Jumapili.

Alimsikiliza Persis nyuma ya duka, akavua kofia.

"Dada, hili gita umefundishwa na nani?"

"Na kaka yangu."

"Mlete naye."

"Ndiyo sababu nataka kuimba," Persis alisema.

Alimweleza. Angwenyi alimsikiliza hadi mwisho, akavaa kofia yake. Kisha alisema jioni ni Jumamosi tarehe kumi na tano Agosti, kuanzia saa kumi.

"Saa kumi ni Sabato," Persis alisema.

"Nyinyi Wasabato mtaniua. Jua linatua saa ngapi kwenu?"

"Kumi na mbili na dakika arobaini na nane. Na robo juu yake."

"Robo ya nini?"

"Ya baba."

Angwenyi alimwangalia kuona kama anatania. "Haya. Nitakuweka wa mwisho kabisa. Saa moja na dakika tano. Mungu atakuwa amemaliza, na baba pia."

Ilibaki kumwambia baba. Persis alimwambia wakati wa kulisha ng'ombe, kwa sababu mzee alisikiliza vizuri zaidi mikono yake ikiwa na kazi. Alimwambia yote, pamoja na kambi ya Uganda na redio. Mzee aliendelea kukata majani.

"Wimbo unasema nini?" aliuliza baadaye.

"Unasema mlango haufungwi. Unasema kigogo bado kiko palepale, na kuna mtu anayezeeka hapa ambaye hawezi kutembea kwenda Uganda."

Panga lilisimama. "Usitaje jina langu."

"Sikutaja, Tata."

"Vema." Akakata tena. Baada ya muda akasema, "Sauti ya mashine hiyo, mtu aliye mbali anaisikia vizuri? Maneno yanaeleweka?"

"Yanaeleweka."

Hakusema zaidi. Lakini asubuhi ya Ijumaa ya safari alifungua saa yake ya mkononi, ambayo hakuwa akiivua hata shambani, akamfungia binti yake mkononi. Alikuwa ameilinganisha na redio ya jirani. Persis aliona kwamba baba yake anataka Andrew arudi zaidi kuliko yeye anavyotaka, na kwamba angekufa kabla ya kulitamka.

Jumapili mbili kabla ya siku hiyo, mtangazaji alikuwa amesoma majina ya watakaoimba. Kati yao alimtaja Persis Bonareri wa Ekerenyo. Persis alilisikia jina lake barazani, akajua limesikika pia katika chumba fulani cha kambi ambacho hakuwahi kukiona.

Alifika Kisii mjini Ijumaa kabla ya jua kutua, akalala kwa shangazi yake Bitutu, mchuuzi wa ndizi aliyeolewa na Mkatoliki na kuifuata imani ya mumewe. Jumamosi alienda kanisani, akarudi, akangoja. Saa kumi walikwenda pamoja hadi ukumbini, lakini Persis hakuingia. Walikaa ng'ambo ya barabara, kwenye baraza la duka la nguo lililofungwa, gita likiwa ndani ya mfuko wa shuka alioushona mwenyewe. Madirisha ya ukumbi yalikuwa wazi.

"Miguu yako iko nje na masikio yako yako ndani," Bitutu alisema. "Mungu anahesabu kipi?"

"Shangazi, niache."

"Nauliza tu nijue. Sisi kwetu jua linatua na hatuandiki."

Persis alikiri baadaye kwamba alisikia kila wimbo, na kwamba hilo lilikuwa kosa. Ninakubali lilikuwa kosa. Bendi ya jazi ilianza, magita matatu na saksafoni moja iliyopigwa na karani wa bima, na watu walipiga sakafu kwa miguu hata vioo vikatetemeka. Kisha akapanda mzee Obwocha na obokano, kinubi chetu cha nyuzi nane, chombo ambacho wachungaji walitukataza kwa sababu ya vilabu vya pombe. Aliimba juu ya watu waliokufa kabla reli haijaja, na ukumbi mzima ulikuwa kama kanisa. Nimewahi kuhubiri dhidi ya chombo hicho, na siyaondoi maneno yangu juu ya pombe, lakini juu ya nyuzi zenyewe nimepunguza.

Mwimbaji wa soul alikuwa kijana wa suruali pana na kitambaa cha kufuta jasho. Aliimba Kiingereza, akimsihi mtu arudi, akirudia neno moja la kusihi mara nyingi hadi sauti ikakwaruza. Vijana walipiga mbinja. Bitutu alicheka.

"Huyu naye analilia nini na nguo safi namna hiyo?"

"Anamwita mtu," Persis alisema.

"Huyo mtu hajui Kiingereza labda."

Persis hakucheka. Alisikia kwamba kijana yule ana wimbo uleule wa kwake Persis, ila amevaa vizuri zaidi. Aliufungua mfuko kidogo, akaangalia nyuzi bila kuzigusa.

Saa kumi na mbili na nusu mvua ya Kisii ilianza, ile inayokuja bila kubisha hodi. Barabara ikawa mto mwekundu. Ukumbini waliwasha taa, na nje pakawa giza kamili ingawa jua, kwa kalenda, lilikuwa halijatua. Saa ya Mzee Obadiah ilipoonyesha kumi na mbili na dakika hamsini, Angwenyi alivuka barabara mbio akiwa na gunia kichwani.

"Dada, njoo sasa."

"Saa moja na dakika tano, ulisema."

"Nilisema kabla ya mvua. Watu wa redio wanaondoka. Dereva anasema mto ukijaa hawafiki Kisumu leo, na gari ni la serikali. Fundi amebakisha utepe wa dakika saba. Mashine iko wazi inakungoja. Ni sasa au basi."

Persis aliangalia saa. Sabato ilikuwa imekwisha dakika mbili zilizopita. Amri ya Mungu haikuwa tena juu yake. Zilibaki dakika kumi na tatu za baba.

"Mwambie angoje mpaka saa moja na dakika tatu."

"Nimemwomba. Nimemwomba kama ninavyomwomba mwenye nyumba. Anafunga saa moja kamili."

"Wimbo wako una urefu gani?" Bitutu aliuliza.

"Dakika nne."

"Basi inuka, mwanangu. Giza hulioni? Kuku wote wa Kisii wamelala."

"Robo bado, Shangazi."

"Obadiah ni ndugu yangu, tumenyonya ziwa moja. Robo hiyo aliitoa kichwani mwake. Mimi nakuachilia. Nenda."

"Hukuahidiwa wewe."

Angwenyi alilikamua gunia. "Nani atajua, dada? Yuko Ekerenyo. Wewe una saa yake mkononi. Hata ukitaka irudishe nyuma, ipeleke mbele, ni yako."

"Ataniuliza," Persis alisema. "Nami sijui kumdanganya."

Nilimuuliza mimi mwenyewe, miaka mingi baadaye, kwa nini hakuinuka. Nilidhani ataniambia juu ya utii. Aliniambia jambo jingine. Alisema: "Andrew alifukuzwa kwa sababu ya robo ile. Kama ningeipita, na mbingu zisianguke, ningekuwa nimemwonyesha Tata kwamba alimfukuza mwanawe bure. Andrew angerudi akakuta baba asiyeweza kumtazama. Nilitaka arudi nyumbani, si hukumuni."

Hayo aliyafikiri barazani, kwa dakika kumi, huku watu wawili wakimsemesha pande zote na mvua ikipiga mabati. Sijui wenye shahada wangapi wangefikiri mbali hivyo. Lakini kuna jambo moja hakulifikiria, nalo ni kwamba baba yake huenda alikuwa ameshajihukumu zamani.

Saa moja na dakika mbili waliliona gari la redio likiondoka, taa zake nyekundu zikididimia katika mvua. Angwenyi alikuwa amerudi ndani. Kijana wa soul alikuwa amepewa dakika zile saba, akaimba tena wimbo uleule wa kusihi, kwa sababu watu waliutaka.

Saa moja na dakika tatu Persis alisimama, akavuka barabara, akapanda jukwaani na nguo zilizolowa hadi magotini. Aliimba wimbo wa kaka yake wote, mbele ya watu kama mia mbili. Mashine haikuwepo, pale ilipokuwa pamebaki meza na alama za maji. Waliokuwepo wanasema hakuna aliyekohoa. Uliimbwa kwa Ekegusii, na ubeti wa mwisho kwa Kiswahili ungekuwa hivi: Kigogo kimekaa mvua tisa kikikungoja, hakikuulizi saa.

Mzee Obwocha alimshika mkono aliposhuka. "Umeimba vizuri, mwanangu. Uliyemwimbia yuko wapi?"

"Uganda."

"Ungeimba kwa nguvu zaidi basi," mzee alisema, na akaona uso wake, akajuta.

Jumapili alirudi Ekerenyo. Baba yake alikuwa amesimama kwenye njia, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Persis alivua saa akampa.

"Walikuita saa ngapi?" mzee aliuliza.

"Kumi na mbili na dakika hamsini."

"Ukaimba."

"Niliimba saa moja na dakika tatu. Mashine ilikuwa imeondoka."

Mzee aliingia ndani, akasimama mbele ya kalenda, akaweka kidole kwenye juma lile, akakiacha hapo. "Sabato ilikuwa imekwisha," alisema.

"Robo ilikuwa bado, Tata."

"Robo ilikuwa yangu. Ungeipita."

Persis aligeuka akaangalia kigogo nje, kwa sababu jibu, yaani Andrew, lilikuwa limekaa Uganda mwaka wa tisa sasa.

Jumamosi iliyofuata Mzee Obadiah alifunga Sabato kwa dakika ya kalenda. Alisema amina, akainuka, akatoka nje. Hakuieleza nyumba yake wala kanisa lake, na robo saa haikutajwa tena katika boma lile mpaka alipofariki. Persis peke yake aliendelea kuingoja, kwa kuwa ahadi haikuwa imefutwa kwa maneno. Wote wawili walikaa uani dakika hizo kumi na tano kila juma, gita likiwa magotini mwake halijapigwa, na hakuna aliyemwambia mwenzake kitu.

Kipindi kilitangazwa Jumapili ya pili ya Septemba. Persis alikaa barazani akasikiliza jazi, akasikiliza obokano, akasikiliza kijana wa Nairobi akisihi mara mbili. Jina lake halikutajwa. Aliandika Kisumu kuomba nafasi nyingine, akajibiwa kwa heshima kwamba mashine ikipita tena Kisii ataarifiwa. Alijibiwa hivyo mara tatu katika miaka mitatu.

Mwaka 1973 alikuja bomani mtu mmoja aitwaye Omwenga, aliyekuwa akilala chumba kimoja na Andrew kambini. Alibeba sanduku la mbao la Andrew. Andrew alikuwa amekufa Machi kwa ugonjwa wa kifua, ule wa wachimba madini, na kuzikwa hukohuko. Mzee Obadiah alimkaribisha mgeni, akampa kiti, akamletea maziwa kwa mkono wake mwenyewe. Kisha alimuuliza swali moja tu.

"Jioni ile ya muziki, ya mwaka wa sabini. Alisikiliza?"

"Nilikuwepo," Omwenga alisema. "Waliposoma majina, alisikia la dada yake, akaruka kama mtoto. Kesho yake akaenda ofisini kuomba likizo ya Desemba, akapewa. Alinunua koti. Siku ya kipindi chenyewe alitukataza hata kutafuna. Tulisikiliza mpaka mwisho. Dada hakuimba."

"Akasema nini?"

Omwenga aliangalia sakafu. "Mzee, ni maneno ya zamani."

"Yaseme."

"Alisema, wamelitaja jina lake kisha wamemziba mdomo. Nyumba ile haijabadilika. Jumatatu akaenda ofisini akaifuta likizo. Koti nililivaa mimi."

Mzee alishukuru. Alimsindikiza mgeni hadi barabarani, jinsi inavyopasa, akarudi, akakaa kwenye kigogo. Alikufa mwaka uliofuata, msimu wa kupanda wimbi.

Persis aliolewa Nyaramba na mwalimu mjane, akalea watoto watatu wa mumewe na wawili wake. Anashona bado. Gita analo, na jioni za Jumamosi hulipiga, robo ikisha kupita. Watu wanaoijua habari hii hugawanyika. Vijana husema alikuwa mjinga. Wazee wenzangu husema alikuwa mtakatifu, na huitumia habari yake kuwaonya mabinti. Mimi nasema ahadi aliyoitoa kwa mdomo wake ilimpasa kuitimiza, naye aliitimiza. Nasema pia kwamba mzazi anayeongeza uzi wake juu ya sheria ya Mungu, hata kwa nia njema, aseme wazi siku anapoukata, asinyamaze akidhani watoto wataona.

Kwa kuishika ahadi hiyo, Persis Bonareri alimkosa kaka yake, ambaye angekuwa nyumbani Desemba ya mwaka 1970. Baba yake alikufa bila kumwona mwanawe. Kaburi la Andrew liko Uganda, na hakuna mtu wa kwao aliyewahi kulifikia.